Drafti ya Kulishana

Basi lilipotoka Nangurukuru, kijana wa mbele yangu alimwambia mzee aliyekaa naye kwamba anawahi Kiranjeranje, kwenye fainali ya drafti ya kulishana. Humo kula ni lazima, na anayemaliza kete zake kwanza ndiye mshindi.

“Kumbe nawe unaicheza!” Mzee aliruka kitini kwa furaha, akafungua mfuko wa korosho. “Karibu, mwanangu. Sasa sikiliza: usitafute kingi. Kingi atakula ubao mzima!”

“Hapana, mzee wangu! Kingi ndiyo silaha yangu!” Kijana akachota korosho. Mzee akikukaribisha, utakataaje?

“Silaha gani? Mtegee kete moja, akila, mwongezee nyingine! Karibu, chukua tena.”

Kelele zilipanda mpaka konda akazima redio asikilize ubishi. Nadhani naye alikuwa na timu yake.

“Mimi silishwi na mtu hapa!” kijana aliapa, mashavu yamejaa.

Basi likasimama Kiranjeranje. Mzee akaukung’uta mfuko, haukutoa kitu.

“Zangu zimekwisha, mwanangu, na umezila zote wewe,” alisema. “Shuka ukacheze. Mimi nimeshashinda.”