Hamjapotea, Kaeni: Bi Verlene Gathings Aaga Chumba 306

Ijumaa hii, tarehe 14 Juni 2024, Bi Verlene Gathings anastaafu baada ya kufundisha hesabu katika Sekondari ya Kilbride kwa miaka thelathini na sita. Kwa zaidi ya miaka ishirini kati ya hiyo nimefundisha baiolojia chumba kinachopakana na chake, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba. Kwa hiyo haya niliyoandika, mengine niliyaona kwa macho, mengine niliyasikia bila kutaka. Kamati ya sherehe ilinipa ukurasa mmoja. Nimechukua mbili, na mwenye malalamiko ayalete kwangu, Leotis Branch, chumba 308.

Bi Gathings aliletwa Milwaukee akiwa mtoto wa kubebwa, wazazi wake walipotoka Mississippi kufuata kazi za viwandani. Alisoma katika shule za umma za mji huu huu, akaanza kazi Kilbride Agosti 1988, na hakuwahi kuomba uhamisho. Hakuwahi pia kuacha kuishabikia timu ya Chicago, mahasimu wetu wa jadi, katika jengo ambalo hata wafagizi huvaa soksi za Green Bay, timu ya jimbo letu. Kila Jumatatu ya msimu wa mpira aliingia na kofia yake, timu yake ikiwa imechapwa jana yake, akatusalimia kwa sauti ya pole kana kwamba tuliofiwa ni sisi. Hilo limetushinda, tunamwachia Mungu.

Walimu vijana hawakuikuta Kilbride ya zamani, kwa hiyo niwakumbushe. Hesabu zilikuwa za aina mbili. Hesabu za Heshima, zile za kiwango cha juu, zilifundishwa ghorofa ya tatu, kwenye madirisha makubwa. Hesabu za Kawaida zilikuwa chini kabisa, jirani na jikoni, na kila mlinganyo ulinukia viazi vya kukaanga. Mtoto alipangiwa aina yake akiwa darasa la nane, kwa neno la mwalimu mmoja, akabaki humo mpaka amalize shule. Hakuna aliyeandika popote kwamba juu ni kwa Wazungu na chini ni kwa Weusi na Walatino, na wala haikuhitajika. Kengele ikilia, ungesimama kwenye ngazi kubwa uwaone watoto walioingia kwa mlango mmoja wakigawanyika kwa rangi, hawa wakipanda na hawa wakishuka, na mwalimu wa zamu akiwahimiza wasichelewe.

Yeye alifundisha juu na chini, kwa hiyo alizijua ngazi zile kuliko mtu yeyote. Wakongwe wanasimulia kwamba katika kikao chake cha kwanza cha walimu, akiwa mgeni ambaye angepaswa kukaa kimya, alinyoosha mkono na kuuliza, “Samahani wenzangu. Kama huko juu tunafundisha Heshima, hawa wa chini tunawafundisha utovu wa heshima?” Kikao kikacheka. Yeye hakucheka, akakaa kusubiri jibu, na nadhani bado analisubiri. Darasani kwake neno “kawaida” lilikuwa marufuku. Aliyelitamka alifuta ubao huku wenzake wakiimba kwa pamoja fundisho la mwalimu wao: “Kawaida ni aina ya petroli, si aina ya mtoto!”

Sasa nifike kwenye habari ambayo kila mtu ameniomba niiandike.

Septemba 2003 kompyuta ya ofisi ilikosea. Darasa zima la tisa la Hesabu za Kawaida, kipindi cha nne, lilichapiwa ratiba kama darasa la Heshima, chumba 306. Hakuna mtoto wa juu aliyehamishwa ili kuwapisha, kwa hiyo hakuna mzazi aliyepiga simu. Siku ya kwanza walipanda ngazi wakihema, wakafika mlangoni, wakatazama namba, wakatazamana. Aliyewasemea wenzake alikuwa Renita Boykin, msichana mrefu mwenye mdomo usiojua likizo.

“Ticha, samahani. Tumepotea?”

Bi Gathings aliwauliza kama ratiba zao zinasema 306. Wakamwambia zinasema hivyo.

“Basi hamjapotea. Kaeni.”

Niliyasikia maneno hayo kupitia ukuta wetu, nami nikiwa na chura mkononi. Mchana nilimfuata chumba cha walimu. Nilikuwa mgeni bado, nikifikiri namsaidia. Nikamwambia, “Dada, lile darasa si lako. Ni kosa.” Akaendelea kumimina kahawa. “Kosa ni la kompyuta, mdogo wangu. Mimi niliajiriwa kufundisha. Kompyuta ina watu wake.”

Haikuwa rahisi, na nisiwadanganye kwa sababu leo ni sherehe. Watoto wale walikuwa na mapengo ya miaka, mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwafundisha kwa kuwa hakuna aliyetarajia wangeyahitaji. Walisoma saa ya chakula, makombo ya mkate yakidondokea vitabuni. Walilalamika, walinuna, walirudi. Kufika Oktoba nilianza kusikia zogo la aina nyingine, watoto wakibishana kuhusu jibu, na Renita akiwa juu ya wote: “Wewe Darnell, toa kotekote! Ukitoa upande mmoja tu unamwibia nani?”

Novemba mkuu wa shule, Bwana Zielinski, alipanda kuangalia hita iliyokuwa ikigonga. Alifungua mlango wa 306, akaona nyuso zile kwenye chumba kile, akadhani ni watoto waliopewa adhabu.

“Bi Gathings, hawa wamefanya nini?”

“Wamefanya zoezi la tano, bwana. Sasa wako la sita.”

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bwana Zielinski angeweza kuwashusha siku ile ile, na hakufanya hivyo. Walikubaliana kwamba Januari darasa lile lifanye mtihani uleule wa madarasa mengine ya Heshima. Atakayefaulu atabaki, atakayefeli atashuka. Sisi wa ghorofa ya tatu tulijua maana ya kushuka. Mtoto aliyeshuka hakupanda tena, na hesabu za miaka iliyobaki, pamoja na milango ya chuo iliyofunguliwa na hesabu hizo, zilibaki huku juu bila yeye.

Wengi wao walifaulu. Siku ya matokeo nilisimamisha somo la baiolojia tukasikiliza shangwe ya majirani. Lakini wachache walifeli, na mmoja wao alikuwa Renita.

Nilikuwemo ofisini siku ya uamuzi, nikiwa mwakilishi wa chama cha walimu, na kazi yangu yote ilikuwa kukaa kimya. Bi Gathings hakupaza sauti. Alimuuliza Bwana Zielinski kama kuna waliofeli mtihani huo katika madarasa mengine ya Heshima, yale ya siku zote. Akajibiwa kuwa wapo. “Na hao tunawashusha lini?” Mkuu akasema wale hawashushwi. Wazazi wao huitwa, na watoto hutafutiwa mtu wa kuwasaidia.

“Kwa hiyo wa juu akifeli anatafutiwa msaada, wa chini akifeli anaonyeshwa ngazi,” akasema. “Bwana Zielinski, wewe ni mtu mwema. Hebu niambie hiyo ni hesabu gani, maana mimi sijawahi kuifundisha.”

Mzee wa watu alifunga faili la matokeo. Kisha akasema watabaki mpaka Juni, wote.

Nilidhani tumemaliza. Jumatatu iliyofuata, kipindi cha nne, kiti cha Renita kilikuwa kitupu. Kumbe msichana hakusubiri kuambiwa. Aliposikia kwamba amefeli, alichukua vitabu vyake akajipeleka mwenyewe chini, akakaa darasa la Kawaida karibu na jikoni, na mwalimu wa kule hakuona ajabu yoyote kumwona pale. Hilo ndilo lililomuuma Bi Gathings kuliko uamuzi wowote wa ofisi. Alitokea mlangoni kwangu na chaki mkononi. “Leotis, niangalizie watoto wangu.” Nikasimama koridoni katikati ya milango miwili, huku vyura na huku milinganyo, nikizomewa na pande zote.

Yaliyotokea chini nimesimuliwa na Renita mwenyewe, na kila mwaka huyasimulia vizuri zaidi. Bi Gathings alishuka ngazi zote, akapita jikoni, akasimama mlangoni mwa darasa la watu bila kubisha.

“Renita Boykin. Umepotea?”

“Hapana, Ticha. Huku ndiko kwangu. Nilifeli.”

“Nimekuuliza kama umepotea. Sijakuuliza umepata ngapi.”

Renita akainamisha kichwa. Darasa zima liligeuka kumtazama, hata wapishi walichungulia. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake, “Ticha, itakuwaje nikifeli tena?”

“Utakuwa umefelia juu, kwenye kiti chako, kama wenzio wanavyofeli. Kosa moja haliachi mke. Panda.”

Walipanda pamoja. Niliwaona wakitokeza kwenye ngazi, mtoto mbele na mwalimu nyuma, yule mwalimu akihema na akijifanya hahemi. Sioni haya kusema nililia kidogo, na wanafunzi wangu walioniona walitumia machozi hayo dhidi yangu mwaka mzima. Juni Renita alifaulu. Hakuwa wa kwanza, alifaulu tu vizuri, na mwaka uliofuata akapanda tena kwa miguu yake bila kusukumwa.

Kilichofuata kilihitaji subira. Darasa lile lilimpa Bi Gathings kitu cha kuonyesha, naye akakionyesha kwa miaka, kikao baada ya kikao, mpaka mwaka 2009 Kilbride ilipoacha kugawa hesabu za darasa la tisa. Wazazi wengi waliogopa. Bi Karin Oftedahl, ambaye binti yake alikuwa akitarajia Heshima, alisimama mbele ya ukumbi akasema mwanawe atacheleweshwa na wengine. Bi Gathings alimjibu taratibu. “Mama, mwanao akilijua jambo, ataweza kumweleza mwenzake. Asipoweza kumweleza, bado hajalijua, na mimi ningependa alijue.” Binti huyo leo ni mhandisi, na keki mtakayokula baada ya hotuba imeokwa na mama yake. Nasikia imepambwa kwa rangi za Green Bay, na sina mkono katika jambo hilo.

Kazi haijaisha, na yeye ndiye wa kwanza kusema hivyo. Darasa la kumi na moja bado linagawanyika kwenye ngazi zilezile, na wiki iliyopita tu alikuwa ofisini akimkumbusha mkuu wa sasa. Anatuachia mgogoro uliopaliliwa vizuri, na sisi tunaobaki tumeupokea.

Renita Boykin sasa anapima maji ya mji wetu katika maabara. Septemba hii mwanawe anaanza darasa la tisa hapa Kilbride. Nilimuuliza kama kijana amepangiwa hesabu za aina gani, nimchokoze. Akaniambia, “Mwalimu Branch, nilimuuliza hivyohivyo. Akanishangaa. Akasema, ‘Mama, kwani ziko ngapi?’”

Bi Gathings, umefundisha mambo mengi katika jengo hili, lakini kwangu mimi swali la mtoto huyo ndilo kazi ya maisha yako. Tunajivunia kwamba tulifanya kazi na wewe. Asante kwa kahawa, kwa kelele za ukutani, na kwa kila mtoto uliyemfuata chini. Tunakuombea afya njema, asubuhi ndefu zisizo na kengele, na, kwa shingo upande, ushindi mmoja wa Chicago. Mmoja.

Tunajua pia kwamba hupendi kusifiwa. Watu wanaposoma maneno haya, nina hakika umekaa safu ya nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani, ukitafuta upenyo wa kushuka kabla hujaitwa mbele. Ndiyo maana tumemkalisha Renita kiti cha pembeni, kati yako na ngazi, na tumemwambia la kusema ukiinuka. Jina lako ndilo lililoandikwa juu ya mlango wa ukumbi leo, Ticha. Hujapotea. Kaa.