Tuta Lisilopakwa Rangi

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wenzetu wasio Waislamu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti wa chama chetu hiki cha waliovunjika aliponipigia simu juzi aliniambia hivi: "Kijana, utasimama, utasema alhamdulillahi, utaeleza mazoezi yalivyokusaidia, utakaa. Dakika tano. Na mambo ya nani kafanya nini yaache, siku hiyo tutakuwa na mgeni." Basi nasema alhamdulillahi, na naisema kwa moyo wote, kwa sababu mwaka juzi nilikuwa nabebwa kwenda chooni, na leo nimekuja hapa Kiembe Samaki kutoka Mpendae kwa baskeli. Lakini kukaa, sikai bado. Nilivunjika na nilipona, na kati ya hayo mawili kuna watu. Majina yao siyataji. Matendo yao nitayataja.

Nyumbani wananiita Kwanini. Mama anasema nilizaliwa nauliza, na chuo kikuu kikanizidishia maradhi. Alinishangaa nilipomwambia nimejiandikisha kwenye ile safari ya baskeli ya kuizunguka Unguja. "Gari zipo," akasema. "Unamkimbia nani?" Nikaenda kujaza upepo.

Kwa wasiojua, yale si mashindano. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Unapewa kadi, unapita njia za shamba kutoka alfajiri mpaka magharibi, na kila kituo kadi inapigwa muhuri. Kila kituo kina saa yake ya kufungwa. Ukikikuta kimefungwa, kadi yako imekufa. Watu wa bara wakisikia Unguja ina vilima hucheka. Waje. Si virefu, lakini haviishi: unapanda, unashuka, hujapata pumzi, kingine hicho. Na njia zenyewe ni nyembamba, miti imezifunika, hata adhuhuri unapita kwenye kivuli.

Jozani nikapata pancha. Nikaziba mwenyewe, huku kima punju wawili wananitazama kutoka juu ya mti kama watu wa kamati: wanaona, hawasaidii. Nilipoondoka pale nilikuwa nimechelewa sana. Kituo cha tatu kilikuwa chini ya kilima, katika kijiji ambacho nacho sikitaji. Nilipofika juu ya kilima nikainama nikaiacha baskeli iende.

Pembeni mwa njia nikaona watoto wa chuoni, chuo cha Kurani, wenye kofia na wenye mitandio, wanaruka na kupunga mikono. Mmoja kashika kanga anaipepea. Ndugu zangu, nawaambia kweli, niliona raha. Nilijua wananishangilia. Nikautoa mkono wangu kwenye breki, nikawapungia.

Lilikuwa tuta. Saruji ya juzi yake, rangi moja na njia, ndani ya kivuli. Nililiona nikiwa juu yake, na nilipokuwa juu yake sikuwa tena na baskeli.

Ninachokumbuka baadaye ni mikono ya mwanamke imenishika kichwa, na sauti inasema, "Usiinuke, mwanangu. Usiinuke. Nihesabie vidole vyangu." Nikahesabu. Akasema, "Basi akili ipo. Mguu tutautafutia watu."

Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili. Hospitali wakaniwekea chuma na skurubu, na wengi wenu humu mnazijua hizo, sina haja ya kuwaeleza maumivu ya usiku wa kwanza.

Siku ya nne kamati ya safari ikaja kuniangalia. Watu watatu, mfuko wa machungwa na bahasha. Ndani ya bahasha mna cheti: kwamba nimeshiriki. Mkubwa wao akakaa kwenye kiti cha mama, mama akasimama, akasema, "Kijana, tumshukuru Mungu. Haya yote yameandikwa."

"Na tuta?" nikamuuliza.

"Tuta vipi?"

"Limeandikwa, au limejengwa?"

Mama akanifinya mkono.

"Mlikuwa mnajua kama pana tuta pale?"

Mkubwa akayatazama machungwa. "Wale watu wa shamba wana mambo yao," akasema. "Hawapendi safari zetu zipite kwao. Utawaweza?"

Nikamwamini. Mimi Kwanini, mwenye digrii, ninayemuuliza muuza samaki samaki wake kavuliwa wapi, nikaamini bila swali moja kwamba kijiji kizima kilichanganya saruji kunivunja mguu. Niliamini kwa sababu nilikuwa namtaka mtu wa kumchukia, na yeye alinipa.

Kisha wakaja wengine. Mjomba: imeandikwa. Jirani: imeandikwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hata hatukuwahi kusalimiana: imeandikwa, ndugu yangu. Naomba nieleweke, maana najua kesho yatasemwa. Kadari siikatai. Ni katika nguzo za imani yangu. Ninachokikataa ni mtu mzima kuifanya pazia, akajificha nyuma yake na viatu vyake vinaonekana.

Na neno lile linadhuru, tena linadhuru watu kama sisi. Nilirudishwa nyumbani Mpendae, nikaacha mazoezi. Nilijiambia, kama yameandikwa, huu mguu ninauinulia nini? Nikalala. Paja likawa jembamba kama mkono wangu. Goti likagoma kukunjika. Dada wa mazoezi, ambaye mnamjua nyote na hapendi kusifiwa, akawa anakuja nyumbani, nami nabishana naye. Namuuliza ushahidi uko wapi kwamba haya yanasaidia. Siku moja akaniacha nikamaliza hotuba yangu yote, kisha akasema, "Umeshinda. Sasa inua. Mguu hausikilizi hoja."

Nikainua. Lakini wacha niseme ukweli ambao haumo kwenye vile vikaratasi vya hospitali: sikujifunza kutembea kwa subira. Nilijifunza kwa hasira. Kila nilipohesabu mpaka kumi nilikuwa najiona nimesimama katika kijiji kile, juu ya magongo yangu, nawauliza kwa sauti, niliwakosea nini?

Mwezi wa tano tangu nivunjike, binamu yangu akanipeleka kwa gari. Njiani akaniuliza, "Umejiandaa cha kusema?" Nikamwambia nina kurasa mbili kichwani.

Tuta lilikuwa vile vile, halina rangi. Nikashuka pale pale, na watoto wakaanza kukusanyika, na mwanamke akatoka kwenye banda la chuo, mtu mzima, unga wa chaki mikononi, anawakemea watoto. Nilimjua kwa sauti kabla ya uso, sauti ile ya kuhesabu vidole.

"Shikamoo," nikasema, maana hata mwenye hasira ana mama yake.

"Marahaba. Ni wewe. Nilikuwa nakungojea. Nilikuja hospitali mara mbili, nikaambiwa wewe hutaki kuona watu wa huku."

Hilo nililisema, ni kweli.

"Nimekuja kuuliza," nikamwambia. "Nani kajenga hili tuta?"

Zile kurasa mbili zote zilikuwa nyuma ya swali hilo, zinasubiri. Nilikuwa najua atakachosema. Atasema Sheha, mkubwa wa kijiji, au vijana, au wananchi, au Mungu.

Akasema, "Ni mimi."

Nikalitazama tuta, kisha mikono yake.

"Ni mimi, mwanangu. Saruji niliinunua mimi na mchanga nimechanganya kwa mikono hii. Tulisikia zinakuja baskeli mia, zinateremka kilima, na saa ile ile watoto wangu wanatoka chuoni. Niliogopa. Nikaona bora pawe na tuta wapunguze mwendo. Sikufikiri kwamba asiyelijua hataliona. Nimekuvunja wewe ili wao wasivunjike, na sikukusudia, lakini ni mimi. Nakuomba radhi. Tangu siku ile napita nyuma ya nyumba, sipiti juu yake."

Nilikuwa nimekaa miezi mitano nikisikia watu wenye vyeo, wenye gari, wenye mihuri, na hakuna aliyeweza kutamka maneno mawili yale. Yakatamkwa na mwalimu wa chuo cha shamba, mbele ya wanafunzi wake, na hakuna aliyemlazimisha.

Akaniletea kiti.

"Na rangi?" nikamuuliza, nimekaa.

"Siku tuliyojenga, Sheha alimpigia mkubwa wa kamati yenu mbele yangu. Akamwambia, njooni mlipake rangi, au waambieni watu wenu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema, inshallah tutapitia. Ndiyo maana tukangoja. Siku ya safari nikaona hawakuja, nikawatoa watoto wawapungie mikono mpunguze mwendo. Wenzako wote walielewa." Akanitazama. "Wewe ulitupungia."

Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi na dada yake.

Basi hapo ikanibidi, ndugu zangu. Mtu amekuomba radhi, amekupa kiti, na anakutazama. Nikasema, "Na mimi. Nilikuwa nimechelewa, sikushika breki, niliwaona watoto nikadhani wananishangilia." Nilipoyasema hayo sikupungukiwa na kitu. Nawaambia, nilikunja goti siku ile kwenye kiti kile bila kuona nimekunja, mpaka binamu aliponionyesha.

Wiki iliyofuata tukaenda mjini, mimi na yeye, kwa mkubwa wa kamati. Mwalimu kavaa buibui lake la harusi za watu. Mkubwa akatupokea vizuri, akatuagizia soda. Nikaeleza. Akatikisa kichwa, akamgeukia mwalimu. "Wewe ni mtu wa dini, Bi. Unajua zaidi yangu kwamba haya ni kadari."

Mwalimu akaweka soda chini. "Nasomesha kadari miaka mingi, baba," akasema. "Sijawahi kuwafundisha watoto kwamba ndiyo inayopokea simu."

Mkubwa akacheka, akasema hili tutalizungumza kwenye kikao. Mpaka leo sijui kikao hicho kilikaa wapi.

Tuta tulilipaka wenyewe. Rangi nyeupe iliyobaki ya madirisha ya msikiti, brashi mbili, watoto kumi na nane. Mimi nilipaka nimekaa chini, mguu nimeunyoosha, nikijisogeza kwa makalio kutoka upande mmoja mpaka wa pili, na mistari yangu ilikwenda kombo. Mwalimu akasema msomi gani huyu asiyejua kupiga mstari. Tulimaliza kabla ya adhuhuri kuingia. Kazi ya asubuhi moja, ndugu zangu. Miezi mitano lilikaa hivyo kwa sababu ya inshallah ya mtu ambaye hakukusudia kwenda. Na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo kuliko chuma kilichomo mwilini mwangu, kwamba tamko la kumtegemea Mungu tumeligeuza kuwa njia ya kusema sitaki bila kuonekana.

Baskeli yangu fundi wa Mpendae alikuwa keshainyoosha bila kuambiwa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Ilikuwa inanitazama." Nikaanza kupanda vilima kwa kusukuma, kisha nusu kwa nusu. Mwaka jana nikajiandikisha tena. Kadi ile ile, njia zile zile. Nilipofika juu ya kilima kile mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye breki. Watoto walikuwepo, wanapunga. Mistari yangu myeupe ya kombo ilionekana tangu juu kabisa. Nikashuka polepole kama bibi harusi, nikavuka, nikasimama, nikaweka chini mguu wa kulia, ule uliovunjika. Ndipo nikawapungia. Kadi yangu ilipigwa muhuri kwenye baraza ya mwalimu, na mpiga muhuri ni yeye.

Namshukuru mama, ambaye alinifinya na hakuniacha. Namshukuru dada wa mazoezi, binamu, fundi, na watoto wa chuo kile, hata yule aliyecheka. Namshukuru mwalimu kuliko wote, na sababu mnaijua. Na somo, kama mnataka somo, ni dogo. Ukimkuta mwenzako kaumia, kabla hujamwambia yameandikwa, jiulize kwanza kama humo hamna mwandiko wako. Ukiuona, sema ni mimi. Aliyevunjika anaweza kusimama juu ya neno hilo. Mimi nimesimama juu yake.

Sasa nimemaliza, na Mwenyekiti ananyoosha mkono anataka maikrofoni. Leo tuna mgeni wetu rasmi, aliyekuja kutukabidhi magongo mapya kwa niaba ya kamati ya safari. Magongo yanahitajika, na tutayapokea kwa shukrani. Niliahidi kwamba sitamtaja mtu kwa jina, na sijamtaja. Ila maikrofoni hii, Mwenyekiti, naomba uniwie radhi, sikupi wewe. Naiweka hapa mezani, mbele ya mgeni. Maneno ni mawili tu. Mimi nakaa.