Nani Atawapanga Chewa?

Baraza ya nyumba yangu hapa Msambweni ni ndefu, ya mawe na chokaa, na ukiketi upande wa kusini unaona uwanja wote wa mpira mpaka kwenye mikorosho. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu Waziri muuza kahawa huliweka dele lake hapo baada ya swala ya alasiri, nina wageni wa kudumu nisiowaalika. Watatu ndio wenye sauti. Makame tunamwita Kadifu. Alikuwa baharia, na hakuna habari asimuliayo ambayo meli yake haitii nanga Kadifu, bandari ya Ulaya. Chirau ni Sajini. Alirudi kutoka vita vya Bama na filimbi pamoja na tabia ya kuamuru. Kibwana, fundi cherehani, ni Redio, kwa kuwa ndiye mwenye redio, na akishaizima huendelea yeye. Ijumaa ile ya mkesha wa Jamhuri walifika kabla ya dele. Kesho yake timu yetu, Chewa, ilikuwa ipande Kwale kucheza fainali na Mlimani, waliotufunga miaka mitatu mfululizo, na kocha wetu, Mwingereza wa kazi za barabara, alikuwa ameshapanda meli kurudi kwao. Kocha mpya alitakiwa kabla ya magharibi, kwani baada ya magharibi wachezaji huingia kambini: hulala wote nyumba moja, hula chungu kimoja, na mlango hufungwa, asije mtu wa Mlimani akawatilia kitu chakulani, wala mchezaji asitoroke kwenda ngomani. Asiyelala kambini hachezi. Chewa haijapata kuivunja sheria hiyo.

Kadifu: Mimi nasema hivi, na sitarudia. Kocha ni mtu aliyeona mpira. Nani hapa ameuona mpira?

Redio: Haya, meli inatia nanga.

Kadifu: Kadifu, yakhe! Mvua inanyesha, watu elfu arobaini wamesimama, hakuna anayefungua mwavuli. Kocha wao amekaa kimya, anatafuna kijiti. Akikitema, wote wanakwenda mbele. Akikitia tena mdomoni, wanarudi. Neno hasemi!

Sajini: Na wewe kimya utakiweza? Kijiti utakimeza.

Waziri alicheka hata kikombe kikamponyoka mkononi.

Sajini: Hawa vijana wamekosa amri, basi. Nipeni mimi. Saa kumi alfajiri nawaamsha, nawakimbiza mpaka Mkunguni, wanarudi na jiwe kila mtu. Anayekosa bao, jiwe la pili.

Redio: Ifikapo jioni watacheza na nini? Na mawe?

Sajini: Watacheza na woga, bwana! Woga unakimbia kuliko miguu.

Akapuliza filimbi yake, firimbiii, kisha kwa mazoea akageuka kulitazama dirisha la juu ya baraza. Dirisha lilikuwa limefungwa. Akaitia filimbi mfukoni taratibu.

Redio: Hebu nisikizeni mimi sasa. Nani ametwaa kombe la Afrika? Ghana. Redio imesema, si mimi. Basi kocha atoke Ghana.

Kadifu: Afike kesho? Kwa ungo?

Redio: Hana haja ya kufika! Yeye anakaa kwao Akra, anazungumza redioni. Mimi nasimama kando ya uwanja na redio yangu, napokea, nawaambia vijana: kulia, kushoto, pigeni.

Sajini: Na Mlimani wakiwa na redio yao?

Hilo Redio hakuwa amelifikiria.

Redio: Basi atasema Kidigo cha huku kwetu.

Kadifu: Mghana, Kidigo!

Redio: Atafundishwa!

Walikuwa wamesimama wote watatu. Watu wawili waliokuwa wakitoka msikitini walikatiza njia waje kusikiliza, na Waziri akawauzia kahawa bila ya kuangalia anapomimina. Sajini alinikabili mimi.

Sajini: Mwalimu, wewe ndiye uliyefika Makerere. Sema.

— Mimi nilisoma hesabu, nilimjibu. Ninachojua ni kwamba Shehe hampi Zahoro mpira, na Zahoro hampi Shehe. Wanacheza mbele pamoja, na hawasemezani tangu walipogombana siku ya harusi ya Mishi, jirani yetu. Kocha yeyote ataanzia hapo.

Kadifu: Hilo dogo!

Redio: Dogo sana. Mwalimu, tunazungumza kombe, wewe unatuletea habari za harusi?

Lakini neno harusi lilikuwa limeshamwingia Kadifu. Nilimwona akiweka kikombe chini kama mtu anayeogopa kumwaga wazo.

Kadifu: Ngojeni. Ngojeni! Rai, kocha wa Mlimani. Ana mke?

Sajini: Hana. Alimwacha mwaka jana.

Kadifu: Tumwoze!

Redio: Tumwoze nani?

Kadifu: Binti wa hapa. Leo hii. Akishakuwa mkwe wetu atatufungaje? Atakaa pale ukingoni anaona haya, macho chini, timu yake inamsubiri aseme neno, yeye anawaza wakwe.

Sajini: Wallahi, Kadifu, leo umesema.

Redio: Nikahi usiku huu?

Kadifu: Imamu yupo, shahidi mimi, shahidi Sajini. Dadako Esha hajaolewa.

Redio: Dadangu! Dadangu kwa kombe la bati?

Kadifu: La fedha!

Redio: Mtoe binti yako wewe!

Kadifu: Binti yangu yuko kisiwani Funzi, maji yamejaa, ningemtoa!

Ikawa kelele tupu. Redio amemshika Kadifu kola aliyomshonea mwenyewe, na huku anamtahadharisha asivute, itachanika. Sajini anahesabu mahari kwa vidole. Wale wawili wa msikitini wamegawanyika, mmoja kwa Esha, mmoja kwa Ghana. Kwa muda mrefu sikuwa nimeisikia baraza ile ikivuma hivyo, na sitaficha, nilifurahi.

Hapo lori likasimama. Akashuka dereva mwembamba, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alitoa salamu kwa wote, akamwamkia Sajini shikamoo, akapokea kikombe.

— Naitwa Mwinga, alisema. Natoka Matuga. Nimeambiwa alfajiri niwapandishe wachezaji Kwale. Nimeona nije leo niijue njia. Lori nilisimamishe nyumba gani?

Redio: Pale pa siku zote.

— Mimi mgeni, kaka. Siku zote ni wapi?

Redio aliiachia kola ya Kadifu na kuinyoosha kwa kiganja.

Sajini: Kwangu mke amejifungua juzi.

Kadifu: Kwangu paa limeezuliwa, makuti mapya hayajaja.

Redio: Kwangu chumba kimoja, na cherehani.

Kila mmoja alisema kweli. Hakuna aliyetazama mlango wangu.

Kambi ya Chewa ilikuwa nyumba hii, tangu Chewa ianze. Mke wangu, Mwanafatuma, alikuwa akiwatandikia mikeka yao ukumbini, akawapikia wali na mbaazi za nazi, akakusanya viatu vyao katika kikapu na kukiweka chini ya kitanda chetu. Sajini alipopuliza filimbi, yeye alifungua dirisha la juu na kumwambia kuna watu wanalala. Na kila kambi alipanga nani alale kando ya nani. Waliogombana aliwaweka mkeka mmoja. Mwingereza alikuja asubuhi, akawakuta wanacheka, akachora mishale yake. Nusu fainali Mwanafatuma alikuwa hai. Tangu nimzike, ukumbi ule sikuwa nimeufungua.

Mwinga alimaliza kahawa. Alituangalia mmoja mmoja, akidhani amekosea adabu.

— Simamisha hapa, nilimwambia. Mlango huu.

Sajini akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

— Nani atapika, Mwalimu?

— Nyinyi.

Niliingia, nikafungua madirisha ya ukumbi, nikalitungua sufuria kubwa ukutani. Lilikuwa na vumbi. Redio alinipokonya akaenda kulisugua. Hazikupita dakika nyingi, ubishi ukaanza jikoni. Kadifu alikuwa akisema kule Kadifu chumvi hutiwa mwisho. Sajini alisema jeshini hutiwa mwanzo, tena kwa amri. Redio alitaka kujua Waghana hufanyaje. Barazani, Waziri aliliinamisha dele, likatoa masimbi matupu ya kahawa, na hapakuwa na mtu wa kulalamika.

Wa kwanza kufika alikuwa mlinda lango. Alivua viatu mlangoni bila ya kuambiwa, akavishika mkononi akitafuta kikapu. Nilikileta. Nyuma yake waliingia wengine, Shehe mbele kabisa, Zahoro mwisho kabisa, wote wakasimama kwenye kuta nne za ukumbi na mikeka yao kwapani.

— Mwalimu, aliuliza mlinda lango, leo tunalalaje?

Wapishi watatu walikuwa wamejaa mlangoni mwa jikoni, upawa mkononi mwa Sajini.

— Shehe na Zahoro, nilisema, mkeka mmoja.