Balbu Tatu Nzima

Jamani, nilijifanya natazama simu, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele yangu ndani ya basi. Mama mmoja alikuwa anamsimulia fundi wa kuchomelea aliyekaa naye. "Kaka yangu, balbu tatu nilizirudisha dukani. Yule binti muuzaji akijaribu kila moja pale, inawaka. Nikifika nayo nyumbani, giza! Nikamwita tapeli mbele ya wateja. Bosi wake akamfukuza palepale."

"Kumbe?"

"Kumbe balbu nzima! Jana shemeji kachungulia holda ya taa pale nyumbani, kile kibati cha ndani kimelala, hakiigusi balbu."

Fundi akacheka, halafu akaona anacheka peke yake. "Sasa dada, si umwambie bosi?"

"Ndiko naenda. Lakini na wateja wale, uso nitauweka wapi?"

"Na binti wa watu, wake aliuweka wapi?"

Mimi hata kutelezesha kidole kwenye simu nilishindwa.

Basi likasimama mbele ya duka la vifaa vya umeme. Fundi akakunja miguu ampishe. Mama akakumbatia mkoba, akageukia dirishani. "Kaa tu, kaka. Mimi nashuka kituo kinachofuata."