Msinikalishe Kama Nilivyomkalisha Baba Yenu

Kaeni chini, bhana bhane, wanangu wote wawili, Specioza hapa karibu nami, na wewe Luhende zima hiyo simu, maana nikianza kusema sitaki kukatizwa, na pumzi yenyewe mnajua ni ya kukopa.

Tangu moyo uliponikamata kijijini Ipililo, nikaanguka katikati ya shamba la pamba, mkanileta hapa Bariadi, huu ni mwezi wa tatu. Daktari alisema mbele yenu: mama atembee kila siku, leo hadi getini, kesho hadi kwa jirani, afagie, aoshe vyombo, na akiona anashindwa kuongea huku anatembea, asimame apumzike. Ninyi mkasikia nini? Ufagio mmeuficha, hata kikombe naletewa mkononi kama mwali! Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hawakusema anyang'anywe miguu. Juzi nimefika sokoni taratibu, kifua kimetulia, Luhende ukaja na pikipiki ukanifokea mbele ya wauza dagaa: "Mama, unataka kutuua kwa presha?" Nikapanda. Mzazi hafokewi sokoni.

Sasa sikilizeni nililoficha miaka tisa. Baba yenu Jilala alipougua hivi hivi aliambiwa atembee, mimi nikamkataza. Nilimpenda, nikamkalisha kitini, nikamwogesha, nikamlisha, mpaka mapaja yakawa kama mikono ya mtoto, na siku alipotaka kuwaona ng'ombe wake akashindwa kufika zizini. Alilia, wanangu. Nanyi alipokufa mkasema karogwa na mdogo wake, Sayi, na mimi, Mungu anisamehe, nikawaacha mseme.

Sayi hana kosa. Nendeni wote wawili mkamwombe radhi, msingoje mazishi yangu.

Shamba la Ipililo nampa Specioza, na mtu asimwambie kwamba binti harithi. Ng'ombe ni wa Luhende. Nyumba msiiguse, Jumamosi narudi kwangu, nitapalilia mchicha wangu kidogo kidogo, nikichoka nitakaa. Dawa nitameza, msiniimbie.

Subirini... nipumue.

Nikianguka njiani msitafute mchawi. Mungu awape uzee wenye nguvu, na watoto wasikivu kuliko ninyi... Nimewabariki, hata wewe Luhende, mkaidi... Basi, nimechoka. Specioza, nipe mkono, nitoke nje. Hapana, usininyanyue... Mkono tu.