Sista Afua Dwomoh na Shahada Iliyochelewa kwa Sababu Njema

Baada ya miaka thelathini na sita ya kazi, Sista Afua Dwomoh, muuguzi mkuu wa wodi yetu ya saratani hapa Kumasi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Mungu amemfikisha miaka sitini akiwa na meno yake yote na sauti yake yote. Hiyo sauti, wodi nzima ni shahidi.

Alianzia wodi ya wazazi kule Obuasi. Alipohamia huku, wodi ya saratani ilikuwa chumba kimoja nyuma ya chumba cha dobi, na mvuke wa pasi ukiingia mpaka vitandani. Madaktari wengi mnaowaona leo na tai zao, yeye ndiye aliyewafundisha kutafuta mshipa wa mgonjwa aliyekonda bila kumtoboatoboa.

Akiwa na miaka hamsini na tatu akatangaza kwamba anarudi darasani kusomea shahada ya uzamili ya tiba na utafiti wa saratani. Dada yake Yaa alicheka mpaka akakaa chini. Alimwambia wenzake wanalea wajukuu, yeye anataka kulea vitabu. Darasani alikaa na vijana aliowahi kuwafokea wodini, nao wakamwahidi kwamba Anti akifeli watamwombea msamaha kwa mwalimu. Hakufeli. Somo la takwimu lilimtoa jasho, niwaambie ukweli, na kabla ya mtihani tuliomba pamoja kwenye chumba cha mashuka. Bwana alisikia. Alipata alama nzuri kuliko vijana wawili kati ya hao waliokuwa wakimcheka.

Shida ilikuja kwenye utafiti. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wanawake wenye saratani ya matiti walioacha dawa katikati, awaulize sababu, aandike, arudi. Basi. Msimamizi wake, Dakta Gyambibi, alimsisitizia: kuuliza tu.

Wa kwanza alikuwa Maame Pokuaa, muuza nyanya wa Ejura. Alikuwa ameacha dawa kwa sababu binti yake anaolewa, na nywele zilikuwa zimeanza kutoka.

"Sista, nikae mbele ya wakwe na kichwa kama yai?" alimuuliza. "Waseme binti yangu anatoka kwenye ukoo wenye maradhi? Acha kwanza aolewe."

Sista Afua alivua wigi lake palepale, akamvika, akampa kioo. Akarudi Kumasi kwenye basi na mabutu yake ya mvi, na Jumanne, siku ya dawa, Maame Pokuaa alikuwa kwenye kiti cha dripu, anagombana na wauguzi kuhusu bei ya nyanya. Mwingine alikuwa kambi ya maombi, akingoja kuponywa kwa sala. Sista alifunga naye siku nzima, kisha akamwomba mchungaji amruhusu mgonjwa aje kwenye dawa na kurudi kusali. Mchungaji alikubali, na mara ya pili alimsindikiza mwenyewe. Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba.

Dakta Gyambibi alipoona kazi ile alishika kichwa. Wanawake walioacha dawa hawakuwa wameacha tena.

"Sista, nilikutuma uwaulize waliopotea. Sasa umewarudisha wote, utafiti wenyewe uko wapi?"

"Daktari, mimi sikuweza kukaa kwenye kiti cha mtu, nikanywa maji yake, nikamuuliza kwa nini ameacha dawa, halafu nikamuaga."

Kamati ya chuo ilikataa kazi yote, akaambiwa aanze upya. Vijana wakavaa majoho, yeye akabaki. Na jambo lilikuwa zito: kama angestaafu kabla ya kumaliza, ruhusa ya kufanya utafiti wodini ingekwisha siku hiyohiyo, na miaka yote ya kusoma ingepotea. Wengi tulimshauri aache. Alinuna wiki moja, akasali, kisha akaenda kwa kamati na swali jipya: muuguzi akimfuata mgonjwa nyumbani, je, mgonjwa atarudi? Safari hii alipewa ruhusa ya kufanya kile alichokuwa ameshindwa kujizuia kukifanya.

Novemba iliyopita alivaa joho, na Dakta Gyambibi ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko Yaa. Wapo waliouliza shahada ya miezi minne kabla ya kustaafu ina faida gani. Waje Jumanne. Kutokana na utafiti wake, hospitali imeweka wauguzi wawili wa kutembelea nyumba, kazi yao ndiyo hiyo tu, na viti vya dawa havitoshi. Imebidi tuazime mabenchi ya kanisani, na wiki hii mchungaji wa hapo anatuuliza Jumapili waumini wakalie nini.

Sista Afua, asante kwa kututunza sisi na wagonjwa wetu. Mungu akupe afya, usingizi mrefu, na wajukuu watakaokusumbua kama tulivyokusumbua. Maisha mema, Anti yetu.

Comfort Tawiah, mhudumu wa wodi