Nuhu na Jirani Zake

Tulikuwa abiria watatu kwenye tuktuk iliyotoka Ukunda kwenda hospitali ya Msambweni. Kwa jinsi wenzangu wawili walivyozungumza, nilielewa kwamba shemasi Mangi aliuona mto ukijaa, akahamisha watoto na mbuzi wake bila kumwambia jirani yake, Kahaso. Maji yakabomoa nyumba ya Kahaso, ukuta ukamwangukia. Aliyeketi kati yangu na Mangi alikuwa Rispah, dadake majeruhi huyo.

"Nuhu naye aliokoa watu wa nyumba yake," alisema Mangi, "na mtume Petro anamwita mhubiri wa haki." Rispah alijibu taratibu, "Wako walimu wa Kiyahudi wanaomlaumu. Aliambiwa watu wataangamia, na hakuwaombea hata kwa neno moja. Ibrahimu aliwaombea hata watu wa Sodoma."

"Dada Rispah, nilikuwa na watoto sita wa kuvusha."

"Najua. Kumwita Kahaso kungekuchelewesha kiasi gani?"

Mimi nilitazama barabara, ingawa hapakuwa na cha kutazama. Mangi aliupakata vizuri mfuko wa machungwa aliokuwa akimpelekea Kahaso.

Tuktuk iliposimama langoni, Rispah alishuka akaingia ndani bila kugeuka. Shemasi alimwomba dereva angoje kidogo, akabaki ameketi, mfuko wa machungwa ukiwa bado mapajani.